Black Widow: Natasha alilipa deni la Antonia, au alipunguziwa?

Tausi M. anauliza:

Salaam wapenzi wa filamu. Ambaye hajaiona Black Widow aishie hapa, maana nitaanika kila kitu hadi mwisho.

Swali langu ni hili: Natasha Romanoff alikabiliana kweli na dhambi yake ya Budapest, au waandishi walimpunguzia deni kwanza ndipo wakamwambia alipe?

Kwangu mimi Natasha ndiye mhusika mzito kuliko wote katika kundi la mashujaa la Avengers, na uzito wake hautokani na mateke. Wenzake wana nyundo ya radi, suti za chuma, damu iliyotiwa dawa. Yeye ana historia tu, na historia yenyewe imejaa damu. Katika The Avengers ya mwaka 2012 amesimama mbele ya kizimba cha kioo, anamwambia mwovu Loki kwamba daftari lake lina wekundu na angependa kuufuta. Loki anamsomea mashitaka: binti wa Dreykov, São Paulo, moto wa hospitali. Anatajiwa tu, hatuonyeshwi kitu. Tangu siku hiyo nikawa nasubiri kujua huyo binti ni nani na alifanywa nini.

Jibu limekuja mwaka 2021. Natasha na mdogo wake Yelena wamejibanza kwenye upenyo wa hewa juu ya kituo cha treni za chini ya ardhi mjini Budapest, mahali alipowahi kujificha na mwenzake Clint Barton, na hapo anasimulia. Ili akubaliwe na shirika la ujasusi la S.H.I.E.L.D. ilibidi kwanza afe Dreykov, mkuu wa Chumba Chekundu, shule ya siri inayofunza wasichana kuwa wauaji. Jengo la ghorofa tano likalipuliwa. Na ili kuhakikisha Dreykov yumo ndani, alimfuatilia binti yake mdogo, Antonia. Mtoto ndiye aliyempeleka kwa baba.

Pimeni jambo hilo vizuri. Hasemi kwamba hakujua kuna mtoto. Hasemi risasi ilipotea njia. Mtoto ndiye alikuwa alama ya kumwonyesha kwamba sasa wakati umefika, na akatoa idhini huku akijua. Yaani yule msichana aliyelelewa na Chumba Chekundu ili kutumia watu kama vyombo, siku anayotoka humo anatumia mtoto kama chombo. Hapo niliinuka kitini. Nikasema leo tumepata filamu ya shujaa inayothubutu.

Halafu kofia ya Taskmaster, mpiganaji wa Dreykov anayeficha uso, inavuliwa, na ndani yumo Antonia. Yu hai. Ana makovu usoni, ana kipande cha mtambo shingoni, baba yake amemgeuza silaha inayonakili mapigano ya kila mtu. Na kuanzia hapo mimi naona mzigo unahama taratibu. Natasha aliua mtoto, kumbe hakuua. Mwovu ni Dreykov, tena mwovu asiye na hata chembe ya utu, kiasi kwamba lawama zote zinamwangukia yeye. Kisha kuna unga mwekundu unaofuta utumwa wa akili kwa sekunde moja. Antonia anapuliziwa, anauliza kama baba ameondoka, anajibiwa ndiyo, basi. Swali moja fupi, na hayo ndiyo maneno yake yote katika filamu nzima! Mtu aliyetendewa dhambi ambayo ndiyo kiini cha hadithi hapewi hata nafasi ya kusema nimekusamehe au sitakusamehe.

Naomba mnijibu kwa hoja. Mimi filamu hii naipenda, na ndiyo maana inaniuma.

---

Mpiga Picha:

Dada Tausi, umeuliza vizuri, ila umeuruka mlango.

Rudi kwenye dakika zile ngome ya Dreykov inapoanza kuporomoka kutoka angani. Natasha kazi yake imekwisha. Siri za mtandao wa Dreykov amezipata, Wajane wengine, yaani wauaji waliofunzwa Chumba Chekundu, wameachiwa huru, kilichobaki ni kutafuta njia ya kushuka akiwa mzima. Badala yake anaelekea kwenye vyumba vya kufungia watu, ambako Antonia amefungiwa. Anajua fika kwamba akifungua, atashambuliwa na mtu anayepigana kwa mitindo ya Avengers wote. Anamwambia hatamwacha, kisha anafungua.

Hapo hakuna anayemtazama. Hakuna Kapteni wa kumsifu wala faili la serikali la kumsafisha. Angemwacha, angeanguka na ngome, na daftari lingefungwa bila shahidi. Anafungua mlango kwa sababu Budapest alitoa idhini ya bomu. Ni tendo lilelile limegeuzwa kichwa chini: kule mtoto aliingia ndani ya jengo na Natasha akaliangusha, huku jengo linaanguka na Natasha anamtoa mtoto ndani.

Cate Shortland, muongozaji, anajua kuonyesha jambo bila hotuba. Ukitazama filamu zake za awali, kama Lore ya mwaka 2012 kuhusu binti wa afisa wa Kinazi baada ya vita, utaona ni mtu wa kushughulika na hatia inayorithiwa nyumbani. Kwa hiyo mimi sikubali kwamba deni lilipunguzwa. Antonia kuwa hai ni adhabu kubwa kuliko angekuwa amekufa. Ukimuua mtu unaomboleza. Mtu uliyemharibu akisimama mbele yako, lazima umtazame usoni, na Natasha anamtazama.

---

Tausi M.:

Mpiga Picha, hoja ya mlango naipokea kwa mikono miwili. Ni kweli ule ni uamuzi, na anaufanya peke yake. Ila swali langu la pili bado limesimama: Natasha anapewa nafasi ya kutubu kwa vitendo, Antonia anapewa nafasi gani? Toba inahitaji watu wawili. Olga Kurylenko ni mwigizaji mwenye uwezo, na walimpa kofia.

---

Mama Zuu:

Wanangu, nimewasoma wote. Mimi naona mnabishana juu ya deni moja, na lingine kubwa zaidi limekaa hapohapo kwenye kile kituo cha treni likiwatazama. Deni lenyewe ni Yelena.

Natasha alitoka Chumba Chekundu, akaingia S.H.I.E.L.D., akawa Avenger, akapigwa picha kwenye majalada ya magazeti. Mdogo wake akabaki humohumo. Mwanzoni mwa filamu tuliwaona Ohio mwaka 1995, watoto wawili wanacheza uani na vimulimuli, wana baba na mama, Alexei na Melina, ambao ni majasusi wa Urusi. Usiku huohuo wanakimbia kwa ndege hadi Kuba. Yelena ana miaka sita. Natasha, naye mtoto, ananyakua bastola na kuwaelekezea askari ili wasimguse mdogo wake. Mtoto yule alikuwa tayari kufa kwa ajili ya Yelena. Mtu mzima hakurudi kumtafuta.

Na Yelena anamwambia kinagaubaga. Anamuuliza kama aliuhakiki mwili wa Dreykov. Anamwambia kwamba yeye Yelena si muuaji ambaye wasichana wadogo wanamwita shujaa wao. Florence Pugh anasema maneno hayo bila kupaza sauti, na hiyo ndiyo inayouma. Natasha aliamini Dreykov amekufa kwa sababu kuamini hivyo kulimruhusu aendelee na maisha. Asingeamini, ingempasa arudi. Kwangu hiyo ni dhambi ya watu wa kawaida kabisa, na wengi wetu tunaijua: kutohakikisha, kwa sababu ukihakikisha utawajibika.

Sasa nendeni kwenye meza ya chakula, nyumbani kwa Melina. Hapo ndipo filamu ilipo, wanangu, hayo mengine ni milipuko. Watu wanne wamekaa kama familia. Natasha anasema yote yalikuwa uongo, kazi ya ujasusi, picha za sikukuu zilizopangwa. Alexei anaona fahari kwa mabinti wake wauaji. Melina anaonyesha jinsi anavyomsimamisha nguruwe kupumua kwa kifaa cha mkononi, kisha anashangaa kwa nini wenzake wamekasirika. Na katikati yao Yelena anavunjika: kwake ilikuwa kweli. Hao ndio mama na baba pekee aliowahi kuwa nao, na hakuna aliyemwambia kwamba ni maigizo.

Mnaona kilichotokea? Kila mmoja pale alikuwa ameshapanga kuyakabili yaliyopita kwa kusema hayakuwa ya kweli. Yelena anawakatalia. Na kuanzia pale Natasha hawezi tena kuiita miaka ile ya Ohio jalada la kazi.

Ndiyo maana sina ugomvi na swali fupi la Antonia. Aliyedhulumiwa na kupewa sauti katika filamu hii ni Yelena, na anaitumia kwa niaba ya wote. Tazameni tu kwenye helikopta, Alexei anapomuuliza kwa ujinga kama yuko hedhini. Yelena anamweleza jinsi Wajane wanavyotolewa kizazi, kiungo kwa kiungo, mpaka mwanamume mzima anaomba anyamaze. Mwaka 2015, katika Age of Ultron, Natasha alilisema jambo hilo akiwa anajiona yeye ndiye zimwi. Hapa linasemwa na mtu mwenye hasira, na hasira imeelekezwa kwa waliofanya. Mimi nilipiga makofi peke yangu sebuleni.

---

Kamanda_K:

Shikamoo Mama Zuu. Umemaliza kila kitu kuhusu Yelena, mimi nitaongeza la Dreykov, maana Tausi kasema mwovu huyu anabeba lawama zote. Mimi naona Dreykov alikusudiwa asiwe na haiba. Ray Winstone anamcheza kama mzee wa ofisini: meza kubwa, suti, skrini za kuonyesha mali yake, na mali yenyewe ni wasichana. Hana nguvu hata moja. Kinachomlinda ni harufu ya mwili wake; Mjane akiivuta hawezi kumgusa. Wazo zito hilo, kwamba woga wako umewekwa ndani ya pumzi yako.

Na hapo ndipo Natasha anaonyesha yeye ni jasusi wa namna gani. Kumbukeni alivyomfanyia Loki mwaka 2012: alijifanya ameumizwa, Loki akajitapa, mpango wake ukamtoka mdomoni. Kabla ya hapo alikuwa amefungwa kitini na jenerali wa Kirusi aliyedhani yeye ndiye anayehoji. Kwa Dreykov ni mchezo uleule. Anamchokoza, anapigwa, mzee anafurahi, anafungua mtambo wake na kuonyesha mtandao mzima wa Wajane duniani. Natasha anamshukuru kwa ushirikiano, kisha anapigiza uso wake mezani na kuukata mshipa wa fahamu wa pua. Harufu haina kazi tena.

Kwangu mimi kukabiliana na yaliyopita ndiko huko. Alimkabili kwa akili yake mwenyewe, hakutumia silaha ya Avengers hata moja. Katika filamu yote hamuiti mtu wa kundi lake, kwa sababu wakati huo ni baada ya matukio ya Civil War ya 2016, kundi limesambaratika na yeye mwenyewe anasakwa na Ross, waziri wa serikali ya Marekani.

---

Ndege Mweupe:

Samahani wakuu, swali la mgeni. Natasha si alikufa kwenye sayari ya Vormir katika Endgame? Sasa hii imetokaje baada ya hapo, na ina maana gani kumtazama akipigania maisha wakati tunajua anakwenda kufa?

---

Kamanda_K:

Karibu. Ndiyo, Endgame ilitoka 2019 na Natasha anajitupa Vormir, Clint akiwepo, ili lipatikane moja ya mawe ya kuokoa dunia. Black Widow inarudi nyuma, kati ya Civil War na Infinity War. Ilipangwa kutoka Mei 2020, janga la korona likaisogeza mara kadhaa, ikatoka Julai 2021 kwenye kumbi za sinema na siku hiyohiyo kwenye Disney+ kwa malipo ya ziada. Ndiyo iliyozaa ile kesi: Scarlett Johansson aliishitaki Disney mwezi huohuo akidai mkataba wake ulivunjwa, wakamalizana Septemba.

Kuhusu maana yake, Tausi atajibu vizuri kuliko mimi.

---

Tausi M.:

Ndege Mweupe, karibu sana, na swali lako si la mgeni hata kidogo. Limekuwa likinisumbua pembeni ya lile langu.

Mhusika huyu aliingia katika filamu mwaka 2010, kwenye Iron Man 2, akiwa msaidizi wa ofisi ambaye wanaume wawili wanamkodolea macho. Katika vitabu vya picha yupo tangu 1964. Ikachukua miaka kumi na mmoja kupewa filamu yenye jina lake, na ilipokuja tulikuwa tumeshamzika. Hilo linanikasirisha mpaka leo, wala sitalivalisha nguo nzuri. Filamu hii ingetoka 2017, kifo chake Vormir kingekuwa na uzito mara mbili. Tungejua kwamba anayejirusha ana mdogo wake, ana mama, ana baba anayemwimbia Yelena American Pie kitandani kwa sauti mbovu ya mapenzi. Tungejua kwamba alishaonja kuwa na familia mbili, na anaziacha zote.

Lakini ukiitazama sasa, inakupa kitu kingine. Mwishoni amepaka nywele rangi ya dhahabu, amevaa ile fulana ya Yelena yenye mifuko mingi, anakwenda kuwatoa wenzake gerezani. Fulana hiyo anayo mwilini katika Infinity War. Yelena aliinunua kwa pesa yake, nguo ya kwanza maishani mwake aliyojichagulia mwenyewe, kwa sababu kabla ya hapo hakuwahi kuchagua chochote, hata nywele. Anaivua na kumpa dada yake. Nikirudi kuitazama Infinity War siwezi tena kuiona fulana ile kama nguo ya mapambano.

Mama Zuu, shikamoo, na asante. Umenifanya niitazame tena ile meza. Nakubaliana nawe kwamba Yelena ndiye sauti ya waliodhulumiwa. Lakini bado namtetea Antonia. Yelena anaweza kuzungumzia Chumba Chekundu. Hawezi kuzungumzia bomu. Bomu ni la Natasha na Antonia peke yao. Nilihitaji dakika mbili tu pale chini kwenye mabaki, bila risasi, bila watu wa Ross wanaokuja. Antonia amuulize: uliniona naingia? Natasha ajibu: nilikuona. Basi. Hata wasikumbatiane. Filamu iliyothubutu kulisema jambo hilo kwenye upenyo wa hewa kwa mdogo wake ingeweza kulisema mbele ya aliyeathirika.

Na kilichofuata ndicho kimenithibitishia kwamba hawakumthamini. Katika Thunderbolts* ya 2025 Antonia anarudi, anatajwa kati ya wahusika, yuko kwenye mabango, halafu anapigwa risasi ya kichwa mapema kabisa na hadithi inasonga mbele. Mtu aliyepona bomu, aliyepona baba yake! Yelena yupo palepale, bado anamwomboleza Natasha, na hakuna anayesema kwamba huyu aliyelala chini ndiye Natasha alirudi kumfungulia mlango.

---

Mpiga Picha:

Hapo kwenye Thunderbolts* sina la kukupinga. Niliumia vilevile. Ule mlango nilioutetea juu walitakiwa waukumbuke wao kwanza.

Mazungumzo yako ya dakika mbili nayaona. Ningeyapiga kwa kamera iliyotulia, uso wa Antonia peke yake, Natasha tumsikie sauti tu. Ila ningeondoa jibu. Aulize "uliniona?", na Natasha ashindwe kusema.

---

Tausi M.:

Hapana, Mpiga Picha, jibu libaki. Natasha ameishi kwa kukwepa maswali na kuwafanya wengine waseme. Pale ndipo mahali pekee ambapo angepaswa kuulizwa yeye, na ajibu.

---

Mama Zuu:

Nipo na Tausi kwa hilo. Ajibu.

Nina swali nami. Yule mwanamke anayekuja kaburini mwishoni kabisa, baada ya majina, anampa Yelena picha ya Clint Barton na kumwambia huyu ndiye aliyemuua dada yako. Nilibaki na hasira usiku mzima. Yelena alijua ukweli baadaye?

---

Tausi M.:

Alijua, Mama. Huyo mwanamke ni Valentina, anayechezwa na Julia Louis-Dreyfus, na alimdanganya kwa makusudi. Ukweli unapatikana kwenye tamthilia ya Hawkeye, ilitoka mwishoni mwa 2021. Nenda sehemu ya 6, ya mwisho.

Yelena amemkuta Clint, amempiga, amemwelekezea bastola, hataki kusikia habari za mawe wala dunia kuokolewa. Clint hana la kumthibitishia. Basi anapiga mluzi, ule mluzi wa Ohio, ambao dada wawili walikuwa wakiitana nao uani kabla mambo hayajaharibika. Yelena anaganda, anamuuliza ameujulia wapi. Clint anamwambia Natasha alikuwa akimzungumzia sana.

Nimekuandikia hili kwa sababu ulisema mtu mzima hakurudi kumtafuta mdogo wake, na ni kweli hakurudi. Lakini katika miaka yote aliyokuwa kimya kwetu watazamaji, kulikuwa na mtu mmoja aliyemsimulia habari za Yelena, mpaka mluzi wenyewe akamfundisha. Itazame, halafu uniambie kama inapunguza chochote katika lile deni lako.